Kusaidia kaya za wazee wakati wa baridi: tugawe fedha, mkaa, au tuanze na nyumba?

Mhazini wa kikundi, Kongwa

Mbukwenyi ndugu zangu, na wakubwa wangu shikamooni. Mimi ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kongwa. Mwaka huu kikundi chetu, jumuiya ndogondogo ya kanisani, waumini wa msikiti wa jirani na wauzaji wawili wa mkaa tumekubaliana kuunganisha nguvu ili kaya zisizojiweza, hasa za wazee wanaolea wajukuu, zipite miezi ya Juni hadi Agosti bila kuteswa na baridi. Wageni hudhani Dodoma ni jua tupu, lakini tunaoishi huku tunaujua upepo wa Julai, na tunajua kwamba usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Kwa mwenye nyumba imara na blanketi zito hilo si jambo la kutisha. Kwa bibi anayelala kwenye mkeka, chini ya bati tupu, ni usiku wa kukesha.

Tumekusanya fedha kiasi na magunia kadhaa ya mtama na alizeti. Tumekwama katika mambo mawili. Kwanza, baadhi yetu wanataka tugawe fedha taslimu na wengine wanataka kila kaya ipewe sado za mkaa kila wiki. Pili, tuwateue vipi walengwa bila kuzua manung'uniko? Je, orodha ya kaya maskini ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inatosha?

Mtendaji mstaafu wa kijiji, Mpwapwa

Ndugu Mhazini, hongereni kwa moyo huo. Kuhusu fedha taslimu, nawashauri mlipe kwa muuzaji moja kwa moja, naye atoe mkaa kwa karatasi yenye mhuri wa kikundi. Sisemi hivyo kwa sababu wazee wetu hawajui kutumia fedha. Fedha ikiingia katika kaya yenye njaa, ada au deni la dukani, huenda huko kwanza, na ni haki yake kwenda huko. Hata Marekani, ambako tangu 1981 serikali kuu inao mpango wa kuzisaidia kaya maskini kugharamia joto la nyumbani, sehemu kubwa ya msaada hupelekwa kwa kampuni ya umeme au gesi kwa niaba ya kaya, na kazi ya kupokea maombi mara nyingi hufanywa na mashirika ya mahali husika yanayowafahamu watu wake. Hakikisheni tu kwamba wauzaji hao wawili wana vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa maana mkaa ukikamatwa njiani, ahadi yenu kwa wazee nayo imekamatwa.

Orodha ya TASAF ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini si pa kuishia. Wapo walioachwa siku ya kuandikishwa kwa sababu walikuwa wagonjwa au walikuwa shambani, na wapo waliofiwa na mtegemezi wao baada ya zoezi kufungwa. Mabalozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kitongoji waongeze majina hayo, kisha mkutano wa kitongoji uyathibitishe. Msaada wenyewe, hata hivyo, upelekeni nyumbani kwa utulivu. Mzee aliyewahi kulisha ukoo mzima hapendi kuitwa mbele za watu kupokea kopo la mkaa.

Neno moja kuhusu mazao: msiuze mtama wenu Juni, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Kopeni kutoka mfuko wa kikundi sasa, uzeni mtama kuelekea Desemba, kisha mrudishe mkopo.

Muuguzi, Dodoma mjini

Naomba nisikilizwe kwa makini, maana jambo hili linanikosesha raha kila msimu wa baridi. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea. Akiwa usingizini anaweza asiamke kabisa. Mkigawa mkaa kwa ajili ya kupasha joto chumba cha kulala, mtakuwa mmepeleka hatari hiyo kwa watoto wachanga na wazee, ambao ndio wepesi zaidi kudhurika. Jiko liwashwe nje au jikoni penye dirisha wazi, na lisiingizwe chumbani hata kama makaa yanaonekana kukaribia kuzima. Mtu akikutwa amelegea, atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na apelekwe kituo cha afya.

Kwa hiyo mkaa wenu uwe wa kupikia uji na kuchemshia maji ya kuoga. Joto la usiku litafutwe kwa njia nyingine.

Fundi ujenzi, Bahi

Dada Muuguzi amesema kweli, na njia hiyo nyingine ipo. Babu zetu Wagogo walijenga tembe, lenye kuta nene za miti na udongo na paa bapa la udongo uliotandazwa juu ya miti na nyasi. Udongo ule ulikuwa unakunywa joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Bati halitunzi chochote: jua likizama, nalo limekwisha kupoa. Simwambii mtu arudi kwenye tembe, maana lilikuwa na shida zake za kuvuja na mchwa, lakini kanuni yake bado inafaa.

Tumieni sehemu ya fedha kuziba nyufa za kuta kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kuziba pengo kati ya ukuta na bati upande unaotoka upepo, ambao kwetu ni mashariki, na kutundika dari la magunia yaliyoshonwa pamoja juu ya kitanda. Pengo la upande wa pili liacheni ili hewa ipite. Vijana wanne na fundi mmoja humaliza nyumba ndogo kwa siku moja, na udongo haununuliwi. Kisha kila mzee apate kitanda cha kamba, godoro hata la majani, na blanketi. Mkaa huisha Ijumaa, lakini ukuta uliozibwa unabaki hadi mwakani.

Mama Lishe, Chamwino

Mimi naongeza dogo. Wenye mitungi ya gesi ya ruzuku wasihesabiwe kwamba wamejitosheleza. Mama yangu mkubwa anao mtungi wa kilo 6, ila hawezi kupata fedha ya kuujaza kwa mara moja, wakati mkaa anaununua kopo kwa kopo. Fikirieni kumlipia kujaza. Na kwenye mashamba yenye visiki hai, yaani visiki vya miti vilivyoachwa vichipue tena, matawi yanayopunguzwa ni kuni safi kabisa kwa jiko banifu.

Mhazini wa kikundi, Kongwa

Nawashukuru sana wote. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana jioni, na mjadala wa fedha au mkaa umekoma wenyewe. Jumamosi tunaanza na nyumba tatu: vijana wa kanisani na wa msikitini watasomba udongo, wauzaji wa mkaa wametoa magunia matupu ya dari, na kikundi kitanunua mablanketi. Mkaa utatolewa kwa karatasi, wa kupikia tu, na atakayeupeleka ataeleza mlangoni alivyotueleza Muuguzi. Ndugu Fundi, naomba unijulishe: udongo wa kichuguu unafaa kuzibia nyufa, au tuchote wa bondeni?

Fundi ujenzi, Bahi

Wa kichuguu ndio bora, hushika vizuri zaidi. Uloweke tangu Ijumaa asubuhi.