Mhazini wa kwaya kala hela ya sare, nimwambieje?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mi ni katibu wa kwaya, juzi napitia daftari la michango ya sare nikakuta majina manne yamekatwa kwa kalamu nyekundu, na hao wote niliwaona kwa macho yangu wakimpa mhazini elfu 30 kila mmoja. Ni dada yangu katika Bwana, tulibatizwa siku moja. Usingizi sipati. Niende kwa mchungaji au nimfuate mwenyewe?

Mama Pacha: Mfuate mwenyewe kwanza mpendwa, Mathayo 18:15 iko wazi, wewe na yeye peke yenu, akikataa ndo uchukue mmoja au wawili, kanisa linakuja mwisho kabisa. Sisi tunaanzaga kinyume, jambo linatupwa kwenye grupu la WhatsApp mtu anahama kanisa kwa aibu.

Mzee wa Usharika: Na Wagalatia 6:1 inasema kwa roho ya upole. Uliza kabla hujashtaki, labda walirudishiwa. Nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi kumwonya kwa dhambi yake alianza na habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake, hakuingia anafoka.

Kijana wa Besi: Upole sawa, ila hela ni ya watu, akikiri airudishe. Zakayo mtoza ushuru alipotubu mbele ya Yesu alisema anarudisha mara nne.

Muuliza: Asanteni sana. Kesho baada ya mazoezi naenda kwake na daftari. Niombeeni, mikono inatetemeka tangu sasa.