Naombeni ushauri: sarafu za kale za India Kaskazini, nizipange kwa mfalme au kwa picha?

Mtoro wa Yamuna:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwanafunzi huku Delhi. Nina sarafu za kale kama 60 hivi na nimekwama kuzipanga. Nyingi zina fahali aliyelala upande mmoja na mpanda farasi mwenye mkuki upande wa pili. Nyingine hazina jina kabisa, ni vistari na vinukta tu. Moja ni ya dhahabu, ina mama aliyekaa, mikono minne. Kitaalamu zinapangwaje? Naomba majibu leo au kesho. Picha hizo hapo chini. Matusi pembeni, nina presha zangu.

Nondo za Kale:
Ukianza na mfalme utakwama mapema, mkuu. Fahali na farasi walianza na wafalme wa ukoo wa Shahi wa Kabul na Ohind (Afghanistan na Pakistan za leo), enzi hizo sarafu ikiwa ya madini ya fedha. Jina la mmoja wao, Samanta Deva, liliendelea kupigwa miaka mingi baada yake, maana sokoni ndilo lililozoeleka. Koo za kifalme za Watomara wa Delhi na Wachauhan wa Ajmer zikaiga mtindo huo, shaba ikizidi kuchanganywa ndani ya fedha. Sultani Muhammad bin Sam wa Ghur, Afghanistan, alipomshinda Prithviraja, mfalme wa Wachauhan, pale Tarain mwaka 1192, naye hakubadilisha kitu: fahali yuleyule, farasi yuleyule, jina lake limeandikwa kwa herufi za Kihindi za Nagari. Kwa hiyo tenga kwanza kwa picha, halafu soma jina, halafu pima uzito na uangalie madini.

Huyo mama ni Lakshmi. Mtindo huo wa dhahabu ni wa mfalme Gangeyadeva wa ukoo wa Kalachuri, karne ya 11. Govindachandra wa ukoo wa Gahadavala akaufuata, na Muhammad bin Sam pia. Aliyeipiga utamjua kwa maandishi ya upande wa pili.

Hizo za vistari ni gadhaiya. Uso wa mfalme wa Uajemi wa kale, enzi za ukoo wa Wasasani, uliigwa na kuigwa tena hadi pua ikawa mstari. Kwa kuwa hazina jina, zinapangwa kwa mtindo, kwa mahali zilikookotwa, na kwa kilichokutwa pamoja nazo. Zako zimetoka wapi?

Mama Shukuru:
Mwanangu, mimi swali langu ni moja. Mungu wa watu mwenye mikono minne anafanya nini chumbani kwako? Mitihani ikigoma usilie.

Pweza wa Nazi:
Mama, huyo Muhammad bin Sam mwenyewe alikuwa Mwislamu na aliipiga hiyo hiyo. Biashara haina wivu.

Mtoro wa Yamuna:
@Nondo shukrani sana. Nilizipata kwa mtu. Turudi kwenye upangaji, hizo za Samanta Deva niziweke kundi moja?

Nondo za Kale:
Mtu gani, na yeye alizipata wapi? Bila hilo siwezi kukusaidia.

Mtoro wa Yamuna:
Sawa, msinihukumu. Baba mdogo wa rafiki yangu alikuwa anachimba kisima shambani, Haryana, jembe likagonga chungu. Zilikuwa nyingi zaidi ya hizi. Mimi nilichagua zenye picha nzuri, zilizobaki zikaenda kwa sonara. Zilikuwa na udongo nikaziosha kwa ndimu, kosa liko wapi hapo? Nimeshalipa nusu. Ndege yangu ni Ijumaa.

Nondo za Kale:
Kumbe ndiyo maana majibu ni leo au kesho!

Sikiliza. Ndani ya chungu kimoja, sarafu yenye jina ndiyo inayoisemea isiyo na jina. Kukiwa na hata moja ya Muhammad bin Sam kama mfalme wa Delhi, basi chungu kilifukiwa baada ya 1192, na gadhaiya zilizokuwemo zilikuwa bado zinashikwa na watu wakati huo. Wewe umechagua nzuri, shahidi umempeleka kwa sonara ayeyushwe. Ndimu nayo imekula shaba iliyomo.

Halafu sheria ya India ya 1878: hazina iliyofukiwa, ikizidi thamani ya rupia 10, inaripotiwa kwa mkuu wa wilaya. Ya 1972 inakukataza kutoa nje ya nchi sarafu ya zaidi ya miaka 100.

Mtoro wa Yamuna:
Hiyo ya 1972 ni ya wafanyabiashara. Mimi nazipenda tu, na ziko ndani ya pindo la koti, hazisumbui mtu.

Mhenga wa Tabora:
Mmenikumbusha mbali. Kwetu mwaka ule walikuja vijana wawili na rupia ya Mjerumani, ile ya dhahabu yenye tembo, ya 1916. Wakasema babu yao aliificha kwenye mti. Nikauza mbuzi, nikauza na baiskeli. Nimeikwaruza kwa kisu, ndani njano ya bomba la maji! Mke wangu hadi leo nikichelewa kurudi anauliza kama nimepita kwa tembo.

Pweza wa Nazi:
😂😂 Mleta mada, hizo zako zinavuta mchele? Huko India polisi wanakamata matapeli wanaouza shaba eti inavuta mchele kwa maajabu.

Kaa Kimya:
Wakuu, hii ni chai. Mwezi jana huyu huyu aliuliza bei ya viwanja Kibaha, akasema hajawahi kupanda ndege. Subirini, ukurasa wa pili anaweka bei.

Mtoro wa Yamuna:
Kiwanja ni cha dada, akaunti tunatumia wote. Picha si mnaziona?

Nondo za Kale:
Nimezirudia hizo picha. Sarafu hizi zilipigwa kwa muhuri mpana kuliko kipande cha madini, ndiyo maana kila moja hukatika kivyake: hii imekosa kichwa cha farasi, ile imekosa nusu ya jina. Zako ya pili, ya tano na ya tisa zimekatika sawasawa na zina ufa mmoja, mahali pamoja, juu ya nundu ya fahali. Hizo zimemiminwa kwenye kalibu moja.

Kaa Kimya:
Si nilisema?

Mama Shukuru:
Na pesa ya ada ndiyo imeenda huko?

Mtoro wa Yamuna:
@Nondo ngoja kwanza. Kama ni za kumiminwa, ile sheria ya 1972 inanihusu au hainihusu?