Tupeane uzoefu: piano ya dijitali ya kubebeka, ya mazoezi nyumbani na ya kupigia ibadani

Mwanzisha mada, Sinza

Wakuu salaam. Tuweke hapa anachokijua kila mtu kuhusu piano ya dijitali inayobebeka, ile ya mazoezi nyumbani siku za kazi ambayo Jumapili inapanda jukwaani. Ombi moja: ukisema kifaa kina shida, taja shida iko wapi na inasababishwa na nini, ili anayekwenda Kariakoo na hela yake mfukoni ajue cha kukagua.

Naanza na vitufe, kwa sababu hivyo havibadilishiki baadaye. Sauti utaongeza kwa simu au kompyuta, spika utanunua nyingine, lakini vitufe utabaki na hivyo hivyo. Piano kamili ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Hata hivyo 88 peke yake si kigezo. Vipo vinanda vya vitufe 88 vyepesi vya springi, na mkono uliozoea springi ukikutana na piano halisi unachoka kabla wimbo haujafika nusu. Tafuta vyenye nyundo ndani, vilivyopangwa kwa uzito: besi vizito, ukipanda juu vinazidi kuwa vyepesi. Yamaha P-45 na P-145, Roland FP-10 na FP-30X, Casio PX-S1100, Kawai ES120 na Korg B2 zote zimo kwenye kundi hilo.

Uzito wa kubeba nao uangaliwe. P-145 ni kilo 11.1, FP-10 kilo 12.3, FP-30X kilo 14.8. Dukani tofauti hiyo huisikii. Utaisikia kwenye ngazi za ghorofa ya tatu.

Mwalimu wa piano, Upanga

Naongezea namna ya kujaribu dukani, maana wengi hupiga wimbo mmoja wanaoujua, wakaufurahia, wakalipa. Wimbo mmoja unagusa vitufe vichache tu vya katikati.

Weka sauti nusu. Anza kitufe cha kwanza kushoto, panda kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, hadi cha 88, kwa nguvu ile ile na polepole. Kitufe kinachoruka na sauti kubwa ghafla, au kinachokaa kimya, kina shida ya mguso ndani. Rudia kwa kugusa kwa upole kabisa. Kisha chukua kitufe kimoja cha katikati, kipige haraka haraka bila kukiachia kirudi juu chote. Mitambo yenye vihisi vitatu kwa kila kitufe huitikia, ya vihisi viwili hudai kitufe kirudi juu zaidi kwanza. Kwa mtu wa nyimbo za kuabudu hiyo si hoja. Kwa anayesoma vipande vya piano vyenye noti za kurudiarudia ni hoja kubwa.

Baada ya hapo kanyaga pedali ya kuendeleza sauti, piga akodi (noti kadhaa kwa pamoja) nzito za mikono miwili mfululizo bila kuiachia. Kila kifaa kina kikomo cha noti zinazolia kwa pamoja: P-45 ni 64, FP-30X ni 256. Kikomo kikifika, noti za zamani zinakatwa kupisha mpya. Kwa mwanafunzi 64 inatosha. Ukianza kuunganisha sauti mbili, piano na nyuzi kwa mfano, kila kitufe kinakula noti maradufu na hapo ndipo 64 inabana.

Maliza kwa hedifoni za waya. Za Bluetooth usijaribie: sauti inachelewa kidogo kufika, na ucheleweshaji huo unatosha kuvuruga mkono kabisa.

Mama wa mwanafunzi, Tabata

Mwalimu, shikamoo. Kwa mtoto wa miaka 7 anayeanza, vitufe 61 havitoshi? Na akae urefu gani?

Mwalimu wa piano, Upanga

Marahaba mama. Miezi ya mwanzo 61 vinatosha, mradi viitikie nguvu ya kidole: ukigusa polepole sauti iwe ndogo, ukikaza iwe kubwa. Kisichofanya hivyo usinunue hata kwa bei ya kutupa, maana mtoto atazoea kwamba kidole hakina kazi ya kupandisha wala kushusha sauti, na kumwondolea zoea hilo ni kazi ndefu.

Urefu: uso wa vitufe vyeupe uwe kama sentimita 72 hadi 74 kutoka sakafuni, kisha kiti ndicho kipandishwe hadi kiwiko chake kilingane na vitufe. Miguu isining'inie, weka kigoda chini yake. Stendi ya umbo la X yenye bomba moja moja itayumba ikibebeshwa kilo 11, nunua ya mabomba mawili mawili au ya umbo la Z. Meza ya chakula iko juu mno, inamfanya mtoto apandishe mabega.

Fundi wa vinanda, Kariakoo

Wakuu, kabla ya vitufe geuza adapta usome maandishi. Hapa umeme ni volti 230, hezi 50. Vifaa vilivyotumika kutoka Japani vinakuja na adapta ya volti 100, vya Marekani volti 120. Ukiichomeka ukutani bila kusoma, adapta inaungua, na mara nyingine inaondoka na saketi ya umeme ya piano. Iliyoandikwa 100–240V haina neno, badilisha plagi tu. Iliyoandikwa 100V peke yake itafutie adapta nyingine ya hapa.

Ukitafuta adapta mbadala, vitu vitatu lazima vioane. Volti ziwe zile zile. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Na mchoro wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa ufanane na ulio nyuma ya piano, kwa sababu huo unaonyesha kama chanya iko katikati au pembeni. Ukikosea huo, volti sahihi hazitakuokoa.

Sasa kuhusu vitufe vinavyoruka sauti alivyotaja mwalimu. Chini ya kila kitufe kuna raba yenye vidoa vyeusi vya kaboni. Kitufe kikishuka, kidoa cha kwanza kinagusa, kisha cha pili, na piano inapima muda kati ya miguso hiyo miwili ili ijue umepiga kwa nguvu gani. Vumbi likikaa kwenye kidoa kimoja hesabu inaharibika: noti inalia kwa nguvu zote au hailii kabisa. Kwa hiyo kitufe kimoja kikorofi si dalili kwamba piano imekufa. Ni usafi.

Kuisafisha: chomoa umeme, ilaze kifudifudi juu ya blanketi, fungua skrubu za chini ukizipanga kwa mfuatano maana urefu wake haulingani, kisha toa vitufe hadi ufikie ukanda wa raba. Futa ubao wa saketi kwa pamba yenye alikoholi ya isopropili, ya asilimia 90 kwenda juu, uache ikauke. Vidoa vya kaboni pangusa kwa pamba kavu bila kusugua, ukivikwangua havirudi. Spiriti ya rangi na mafuta ya kulainisha visikaribie hapo. Wakati wa kurudisha raba hakikisha kila kipini kimezama kwenye tundu lake. Isipokaa sawa, kitufe kitakuwa kizito na kitaitikia kwa kuchelewa, na utadhani umeharibu zaidi.

Mkazi wa pwani, Kigamboni

Nyongeza kwa sisi tulio karibu na bahari: hewa ya chumvi inakula jeki (matundu ya kuchomekea waya) na skrubu kwanza. Funika piano kwa kitambaa cha pamba, si nailoni, maana nailoni inafungia unyevu ndani. Ikitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, iache ndani ya begi nusu saa kabla ya kuiwasha, la sivyo umande unatua kwenye saketi.

Usafiri: piano ya vitufe 88 ina urefu wa sentimita 130 hivi, P-45 ni 132.6. Hailali kwa upana kwenye kiti cha nyuma cha bajaji. Kwenye gari dogo kunja kiti kimoja cha nyuma uipitishe kutoka buti, na usiisimamishe kwa upande wenye jeki. Kuiacha kwenye gari lililofungwa juani ni kuitafutia vitufe vilivyopinda.

Fundi mitambo, Mbezi

Upande wa jukwaani, angalia mgongo wa piano. FP-30X ina matundu mawili ya kutolea sauti kwenda kwenye mixa (mashine ya kuchanganya sauti), kushoto na kulia. P-45 na FP-10 hazina, zina tundu la hedifoni tu. Ukichomeka hapo, spika zake zinanyamaza, kwa hiyo mpigaji anahitaji monita (spika ya kujisikia mwenyewe), la sivyo hajisikii.

Kosa ninaloomba tuliache: kutoa waya mmoja wa stereo kwenye hedifoni na kuuchomeka kwenye chaneli moja ya mixa. Tundu hilo la mixa huchukua ishara mbili na kutoa moja kutoka kwa nyingine. Kilicho sawa kushoto na kulia kinafutika, na piano inabaki na sauti nyembamba kama inatoka ndani ya bomba. Watu wanailaumu piano, wanapandisha besi, wapi. Tumia waya wa kugawa, stereo upande mmoja na mono mbili upande wa pili, kila moja chaneli yake. Kama chaneli imebaki moja na piano ina tundu la kushoto lililoandikwa mono, tumia hilo peke yake. Mixa ikiwa mbali, mita 20 au 30, pitisha kwenye kisanduku cha DI (kinachoandaa sauti isafiri mbali) halafu waya wa XLR (wa pini tatu, kama wa maikrofoni), na sauti ikivuma bonyeza swichi ya kukata ethi (waya wa ardhini) kwenye kisanduku hicho.

Mpiga kinanda wa kwaya, Ubungo

Naheshimu mliyosema, ila tumwambie ukweli anayepiga ibada nzima peke yake: piano hizi hazina midundo ya sebene. Asiye na mpiga ngoma anahitaji kinanda cha midundo, na piano ibaki nyumbani kulea vidole. Kununua piano ya jukwaani ili imalize kazi zote mbili ni kujikwamisha.

Wenye P-45 jueni kwamba inajizima yenyewe ikikaa dakika 30 bila kuguswa. Mahubiri yanavuka dakika hizo, mchungaji anaita wimbo wa mwisho na piano imelala. Dawa: izime, shikilia kitufe cha mwisho kabisa kushoto, iwashe huku umekishikilia. Imeacha. Mipangilio ikikuvuruga kabisa, fanya vivyo hivyo kwa kitufe cha mwisho kulia, inarudi ilivyotoka kiwandani.

Pedali ikifanya kinyume, yaani sauti inaendelea ukiiachia na kukatika ukikanyaga, toa mguu, zima, washa tena. Piano nyingi husoma pedali wakati wa kuwaka. Ikiendelea, tazama chini ya pedali kama ina swichi ndogo ya kugeuza. Na kwenye vigae weka kipande cha zulia, la sivyo utaifukuza pedali wimbo mzima.

Mwanzisha mada, Sinza

Fundi wa Kariakoo, umeme ukikatika katikati ya ibada?

Fundi wa vinanda, Kariakoo

Casio PX-S1100 inakubali betri 6 ndogo za AA, hiyo ndiyo njia nyepesi. Piano za volti 12 zinaweza kuendeshwa na pawabenki kwa waya wa USB-C unaoomba volti 12, lakini soma ubavuni kwanza: pawabenki nyingi zimeandikwa 5, 9, 15 na 20 bila 12, na hizo hazitafanya kazi. Hesabu yake: mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74. Ondoa kinachopotea njiani, zinabaki kama 55. Piano inayokula wati 10 itakwenda saa tano na nusu. Anza ibada ukiwa tayari kwenye pawabenki, maana ukisubiri umeme ukatike ndipo uhamishe waya, piano itazima na kuwaka upya katikati ya wimbo.