MJADALA: New York walikosea kuzikataa shule za vikosi viwili mwaka 1917?

Mleta mada

Wakuu, kila shule zetu zikifurika tunaambiwa zamu mbili ndiyo dawa, kana kwamba jambo lenyewe limeanza jana. Watu walishalipigania mpaka mawe yakarushwa.

Mwaka 1905 reli ya chini ya ardhi ilifika Bronx, kaskazini mwa New York. Mashamba na viwanja vitupu vikageuka nyumba za kupanga. Sensa ya 1900 ilikuta watu 200,507. Ya 1910 ikakuta 430,980. Ya 1920, 732,016. Wengi walikuwa Wayahudi na Waitaliano waliochoka kubanana Manhattan. Shule ya msingi ikifunguliwa inajaa papo hapo, na jijini makumi ya maelfu ya watoto wakawa wanasoma nusu siku.

Meya John Purroy Mitchel akaenda kujifunza Gary, Indiana, mji ulioanzishwa na kampuni ya chuma ya U.S. Steel mwaka 1906. Msimamizi wa elimu wa huko, William Wirt, aliuliza: kwa nini darasa likae tupu watoto wakiwa uwanjani, na uwanja ukae mtupu wakiwa darasani? Akawagawa vikosi viwili. Kimoja kikiwa kwenye hesabu, kingine kiko karakana, bustanini, ukumbini au kwenye bwawa la kuogelea, kisha wanabadilishana. Jengo lilelile likabeba karibu watoto mara mbili, na siku ya masomo ikarefuka. Hapo ndipo inapoachana na zamu zetu, ambazo mtoto wa asubuhi akitoka mchana ni mali ya mtaa.

New York walimwajiri Wirt kwa dola 10,000 kwa mwaka, kazi ya wiki moja kila mwezi. Mpango ukajaribiwa Brooklyn na Bronx, katika shule ya P.S. 45 ya mwalimu mkuu Angelo Patri, mzaliwa wa Italia. Kisha ukasambazwa mbiombio. Oktoba 1917 watoto na mama zao wakaingia barabarani, wakavunja madirisha ya shule. Novemba Mitchel akaangushwa na John Hylan, mpango ukazikwa.

Mimi nasema walitupa kitu kizuri kwa hasira za uchaguzi. Mtoto wa mpangaji alikuwa anapewa karakana na bwawa, vitu vya watoto wa matajiri.

mama_wa_wawili

Kaka, usiwafanye wale akina mama wajinga. Mpango umetoka mji wa kampuni ya chuma, halafu taasisi ya Rockefeller, tajiri wa mafuta, inautathmini. Wewe umevuka bahari ili mwanao awe daktari, leo unaambiwa saa za kusoma zipungue aende kushika nyundo. Ungeshangilia? Na ni nani aliyewauliza? Wirt wa wiki moja kwa mwezi?

chaki_kavu

Nimefundisha zamu mbili pembezoni mwa Dar, naomba nishuke kwenye vitu vidogo. Zamu ya mchana ikiingia, ubao bado una hesabu za asubuhi, dawati lina maganda ya karanga, na nusu ya darasa limeshachoka kusubiri chini ya mkorosho. Kufika saa tisa wanasinzia. Foleni ya choo? Matundu ni yaleyale.

Kwa hiyo mpango wa Wirt naupenda, ila kwenye jengo la Wirt. Gary ilijenga shule ya Emerson mwaka 1909 na ya Froebel 1912 huku karakana na viwanja vikiwa vimeshapangiwa nafasi. New York walitaka ratiba ileile iingie kwenye majengo ya zamani, tena meya anabana matumizi. Ukumbi usipotosha, kikosi cha pili kinakaa wapi? Hicho ndicho kinachoniudhi: ualimu ulitangulizwa mbele, hesabu ya saruji ikajificha nyuma.

Mleta mada

Sawa mwalimu, lakini kufikia 1929 miji zaidi ya 200 Marekani ilikuwa na shule za namna hii, Detroit ikiwa mbele. Wote walidanganywa?

mama_wa_wawili

Miji 200 kuiga si ushahidi kwamba mtoto alifaidika. Na hiyo Gary mnayoisifu, mwaka 1927 wanafunzi wazungu wa Emerson waligoma kwa sababu wenzao weusi wamehamishiwa pale, na wakuu wa mji wakawasikiliza wagomaji. Bwawa la matajiri lilikuwa la nani?

Mleta mada

Hiyo ya 1927 ni aibu ya ubaguzi, ratiba haihusiki. Turudi New York. Hylan kuingia hakukupunguza mtoto hata mmoja. Msongamano ulibaki mpaka alipojenga shule nyingi miaka ya 1920.

chaki_kavu

Si umejibu mwenyewe? Miaka michache tu baadaye pesa za kujenga zilipatikana. Mitchel angeanza na majengo, halafu amlete Wirt, hata yule mama mwenye jiwe angekuja kuangalia karakana.

mama_wa_wawili

Angekuja, ndiyo. Ila nyundo angeitaka saa za jioni.