Nina miche mitano ya maboga makubwa, nafasi ni ya miwili tu. Nibakishe ipi?

Mgeni wa Kitalu:
Wakuu, habari za shambani. Najaribu yale maboga ya mashindano, Atlantic Giant. Eneo nililotayarisha linatosha mimea miwili, ila miche iliyoota ni mitano na kila mmoja una tabia yake.

Namba 1 umewaacha wenzake mbali, una majani matatu tayari. Tatizo, shina lake si la mviringo. Limekuwa bapa kama utepe, na majani mawili yametokea sehemu moja. Namba 2 na 3 ni ya kawaida tu, kila mmoja una jani moja halisi (linalofuata yale mawili ya mwanzo yanayotoka na mbegu) na la pili linachungulia. Namba 4 una majani ya mwanzo mapana, mazito, rangi ya kupendeza kweli, lakini tangu hapo hakuna kinachotoka katikati. Namba 5 ndio unaninyima usingizi: mbegu yake ndiyo ghali kuliko zote, mama yake ni boga la zaidi ya kilo 900. Umechelewa kuota, ganda liling'ang'ania jani moja likaacha kovu, na mpaka leo ni mdogo.

Roho inataka 1 na 5. Nawasilisha.

Mzee wa Mbolea:
Mkuu, namba 4 toa leo leo. Chukua tochi, panua kidogo hayo majani mazito uchungulie katikati. Panatakiwa kuwa na kichipukizi kidogo chenye vinyweleo. Ukikuta pamefunga, pako laini kama kovu lililopona, huo mche ni kipofu, shina halitatoka hapo. Majani yananenepa kwa sababu chakula hakina pengine pa kwenda. Ndiyo maana unavutia macho kuliko mingine.

Namba 1, hiyo kasi usiihesabu sana. Mche unaweza kutangulia kwa sababu tu kikopo chake kilikaa upande wenye joto. Shaka yangu ni ubapa. Shina la namna hiyo likiendelea hivyo hivyo hupanuka, majani yanasongamana, na ncha huanza kujikunja badala ya kusonga mbele. Wewe unataka ua la kike likae kwenye shina kuu, mita tatu au zaidi kutoka mizizini, mahali palipo na majani ya kutosha nyuma yake ya kulilisha. Shina likivurugika kabla ya hapo, msimu umekwenda.

Sasa namba 5. Mbegu hizi huandikwa uzito wa boga mama, jina la mkulima na mwaka. Wengi wanasoma uzito wanaishia hapo, wakati baba, yaani mmea uliotoa chavua, naye ana sehemu yake. Tena boga moja lina mbegu mamia, na ni kama watoto wa tumbo moja, hawalingani. Lakini sisemi nasaba ni bure. Aina yenyewe ilitengenezwa na Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada, kwa kuchagua mbegu kizazi hadi kizazi, na mwaka 1981 akaweka rekodi kwa boga la kilo 224 hivi. Mwaka 2023 Travis Gienger wa Minnesota alipima kilo 1,247. Mbolea peke yake haifiki huko.

Kwa hiyo usiutupe kwa ajili ya kovu, majani ya mwanzo yatanyauka hata hivyo. Tazama jani halisi la kwanza: likifunguka safi, pande zote mbili sawa, mche ni mzima, umechelewa tu. Kisha telezesha mche utoke kwenye kikopo pamoja na udongo wake. Mizizi ikiwa myeupe na imefika chini, vizuri. Ya kahawia na teketeke, achana nao.

Mimi nisingechagua sasa. Panda miwili miwili: 2 na 5 shimo moja, 1 na 3 shimo la pili, uipishanishe nusu mita. Mashina yakishalala na kutambaa kama mita moja, kila pea itakuonyesha nani ni nani. Hapo chukua mkasi ukate mmoja usawa wa udongo. Usiung'oe, mizizi yao itakuwa imeshashikana na utaumiza uliotaka kuubakiza. Siku hiyo usiwe na huruma, watu wengi hushindwa hapo hapo.

Chavua:
Naunga mkono, ila ubapa si hukumu ya kifo. Nimeona mashina bapa yakirudi kuwa mviringo yenyewe. Na lisiporudi, unaweza kukata ncha na kuacha tawi la pembeni lenye nguvu lishike nafasi ya shina kuu.

Mzee wa Mbolea:
Kweli, Chavua, inawezekana. Lakini tawi hilo linaanza nyuma, na namba 3 uko pale pale ukiwa mzima. Wa nini basi? Labda kama huna mwingine.

Mgeni wa Kitalu:
Asanteni sana. Namba 4 nimeuchungulia, pamefunga kabisa, nimeutoa. Swali la mwisho: nitajuaje shina litatambaa upande gani? Eneo langu ni refu upande mmoja tu.

Mzee wa Mbolea:
Kwa kawaida shina kuu huelekea upande ulio kinyume na jani halisi la kwanza. Kwa hiyo ukipanda, geuza mche jani hilo liangalie ukuta au mpaka wako, mgongo wake uwe upande wenye nafasi. Na usingoje mizizi ianze kuzunguka ndani ya kikopo. Ukiiona imefika chini, hamisha jioni, jua likishapoa.