Gari la wikendi kwa aliyemaliza chuo, Arusha: Altezza RS200, Swift Sport au WRX?

Kijana_Njiro
Wakuu, shikamooni wenye umri, wenzangu mambo vipi. Nimemaliza chuo, kazi ipo hapahapa Arusha na kazini naenda na pikipiki. Sasa nataka gari la Jumamosi na Jumapili: kushuka Moshi, kupanda Marangu, mara mojamoja Karatu. Liwe manyuali na liwe na raha ya kuendesha. Kubeba mizigo si kazi yake. Nina milioni 17, na humohumo itoke bima na matengenezo ya mwanzo. HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wananikata asilimia 15 ya mshahara, kwa hiyo mkopo wa gari sitaki kuusikia.

Nimebaki na Altezza RS200, Suzuki Swift Sport ya 2006 hivi, na Impreza WRX. Washkaji wote wanasema chukua Mark X. Nichague ipi, na nikague nini kabla hela haijatoka?

Spana_Kumi
Karibu mkuu. Mark X itoe kwenye hesabu leo hii. Yenye manyuali ni ile GRMN tu, iliyotoka kwa idadi ndogo. Hizi zilizojaa mjini ni otomatiki. Halafu 4GR-FSE, ile injini yake ya 2.5, nozeli zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haigusi valvu za kuingizia hewa, hivyo hakuna kinachoziosha, na mvuke wa oili unagandia pale mpaka gari likiwa limesimama linaunguruma unaona linatetemeka. Dawa yake ni kufungua manifoldi na kukwangua masizi. Kichupa unachomimina kwenye tangi hakifiki hapo, hata kikiandikwa maneno gani.

Kwa gari la kona, anza na uzito. Swift Sport ZC31S ina kilo 1,060 hivi, injini M16A ya lita 1.6 yenye farasi 125, gia tano, na taimingi ya cheni, yaani valvu na pistoni zinaenda pamoja kwa cheni, si mkanda. Matairi yake ni 195/50R16. Altezza RS200 inapita kilo 1,300 lakini ina farasi 210, gia sita, na inasukumwa na matairi ya nyuma. Raha zao ni tofauti kabisa. Swift unaikamua muda wote na bado uko ndani ya spidi ya kistaarabu. Altezza unaisikia inavyokaa kwenye kona ukikanyaga wakati wa kutoka.

Angalizo: Altezza nyingi unazoziona si RS200. Nembo za nyuma zinauzwa dukani, kwa hiyo soma bamba la chasisi. SXE10 ndiyo yenye 3S-GE, silinda nne. GXE10 ina 1G-FE, silinda sita, farasi 160: injini tulivu, lakini gari ni jingine. RS200 ya otomatiki nayo ina farasi 200, si 210, na hata ndani ya injini haifanani na ya manyuali.

3S-GE inatumia mkanda wa taimingi, kilomita 100,000 mwisho. Ukikatika, pistoni zinakutana na valvu na hapo unaanza kuulizia injini nzima. Badilisha kwa pamoja: mkanda, tensheni, roli, pampu ya maji, sili za kamshafti na ya kranki, na themostati. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo. Ukiacha ya zamani, siku beringi yake ikianza kulia utalipia ufundi uleule mara ya pili.

Kwa milioni 17 zako, gari lenyewe lisizidi 12. Zinazobaki zina kazi, utaona.

Turbo_ya_Meru
Naongeza hesabu ambayo mtu wa Dar haihitaji. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa upungufu huohuo, asilimia 15 hivi. Farasi 210 za Altezza hapa ni 178 hivi; za Swift 125 zinabaki 106. Ukishuka Moshi unarudishiwa kidogo, kwa sababu kule upungufu ni asilimia 10 tu. Ndiyo maana gari lililokuwa linaruka Tanga likifika Sakina linaonekana limechoka, na fundi anaanza kubadilisha plagi ambazo hazina kosa.

Turbo ndiyo inayofidia hilo, kwa hiyo WRX kwa milima yetu ni jibu zuri kwenye karatasi. Chukua GDA, WRX ya soko la Japani: injini EJ205, farasi 250. Ila kwa bajeti hiyo mimi nasema hapana. Ili turbo ifidie hewa nyepesi lazima izunguke kwa kasi zaidi kuliko ikiwa pwani, na hewa inayotoka humo inakuwa ya moto zaidi. Gari hilo lilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao ni oktani 96 kwenda juu. Ukiweka ya chini ya hapo na ukakanyaga mlimani, injini inagonga, yaani petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na kugonga kunavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Baada ya hapo gari linakula oili, oili inashuka bila wewe kujua, na beringi za konrodi zinafuata. Subaru za turbo zinauzwa bei ya kutupa kwa sababu muuzaji ameshaanza kuisikia hiyo sauti.

Na kama bado roho inakutuma huko: matairi yote manne yawe ya aina moja na yachakae sawa. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6 hivi. Ukipasua moja ukanunua moja, difurenshia ya katikati inakuwa kazini muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, mpaka inaungua. Kwa hiyo pancha mbaya moja ni bei ya matairi manne.

Swift Sport. Nimemaliza.

Mama_Kodi
Mwanangu, kabla hujashawishika kuagiza Japani, piga hesabu. TRA hawaangalii risiti yako, wanaangalia thamani iliyoko kwenye mfumo wao. Chukulia mfumo unasema milioni 10. Ushuru wa forodha asilimia 25: milioni 2.5, jumla 12.5. Juu ya hiyo 12.5 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, yaani 625,000. Kisha uchakavu, kwa sababu gari limepita miaka 10: asilimia 30 ya hiyohiyo 12.5, yaani 3,750,000. VAT asilimia 18 inakuja juu ya jumla ya vyote hivyo, karibu 3,040,000. Umefika milioni 9.9 za kodi kwa gari la milioni 10, kabla ya tozo ndogondogo, bandari na wakala. Injini ikipita cc 2,000 ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 10. Magari yote uliyoyataja ni ya zamani, kwa hiyo yote yanaangukia kwenye uchakavu.

Nunua lililokwisha kusajiliwa. Namba ya chasisi na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe na zilingane na kadi, maana magari ya mbio ndiyo yanayobadilishwa injini, na ikiwa kadi haijarekebishwa usumbufu unarithi wewe. Angalia deni la faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Hizo hazimfuati muuzaji. Mkataba wa mauziano upite kwa wakili, na umiliki uhamishwe TRA. Usikubali ile ya "tutahamisha taratibu". Bima ndogo inamlipa uliyemgonga tu. Kwa gari la namna hii, kama mfuko unaruhusu, kata kubwa.

Kijana_Njiro
Asanteni sana, na wewe mama shikamoo. WRX nimeiacha. Swift Sport ya manyuali bado sijaipata, ila kuna Altezza Moshi, SXE10 kweli, gia sita, namba D, imeshushwa, rimu za 17. Dalali anasema "injini kavu, mkanda umeshabadilishwa Japani". Nitakuwa nayo asubuhi moja tu. Nianzie wapi?

Spana_Kumi
Anza kwa kumwambia asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli.

Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yawe na rangi ya kuleanti. Ukiona ya kahawia, au utando wa mafuta, zungumza bei ya kufungua silinda hedi au ondoka. Mfuniko wenyewe utazame mpira wake. Kwa urefu wa Arusha maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kinachoyazuia ni presha ya huo mfuniko. Ukichoka, gari litachemsha kwenye mlima wa Mto wa Mbu na watu watakuuzia rejeta mpya.

Washa, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu ukitoka mara ya kuwasha tu halafu ukapotea, shuku sili za valvu. Ukitoka kila ukikanyaga injini ikiwa imeshapata moto, shuku ringi.

Kuhusu mkanda, fundi wa Japani akibadilisha hubandika kibandiko kwenye kava, chenye kilomita na tarehe. Mwaka mara nyingi ni wa hesabu yao ya Heisei: jumlisha 1988. Kikisoma 20 ni 2008. Sasa jiulize mkanda wa 2008 bado unauita mpya? Hata kibandiko kikiwepo, mimi ningeuhesabu umekwisha na kukata gharama yake kwenye bei.

Kisha kipimo cha mgandamizo wa silinda, na hiki usikiruke. Injini ipate moto, plagi zote nne zitolewe, koili na nozeli zichomolewe, pedeli ya mafuta ikanyagwe mpaka chini, stata izungushwe mpaka mshale usimame. Fundi akisoma kitabu atakwambia namba ziko chini. Akipima Moshi, kiwango cha kitabu kipigwe mara 0.9, Arusha mara 0.85. Cha maana ni silinda kwa silinda: tofauti kati ya kubwa na ndogo isizidi kilo 1 kwa sentimita mraba. Ikizidi, tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena. Namba ikipanda ni ringi. Isipopanda ni valvu au gasketi.

Giaboksi ya gia sita ya hii gari si ngumu sana. Gari likiwa nyutro, achia klachi na usikilize mlio. Ukikanyaga klachi ukapotea, ni beringi ya shafti ya kuingilia. Barabarani ingiza ya pili kutoka ya tatu kwa haraka kidogo. Ikikwaruza, sinkro, kile kinachosawazisha mizunguko gia ikiingia, imeisha. Klachi ipime gia ya nne kwa spidi ndogo ukikanyaga mpaka chini: mshale wa mizunguko ukipanda bila gari kukimbia, klachi inateleza.

Na chini: boljoint za mikono ya chini, mbele. Hapa sina utani. Ndiyo ugonjwa unaojulikana wa Altezza, na ikichomoka tairi linalala ubavuni ukiwa unatembea. Inua gari, tikisa gurudumu kwa kushika juu na chini, mtu mwingine atumie mtaimbo chini ya mkono. Mchezo wowote ule, badilisha zote mbili kabla hujaliendesha kurudi Arusha.

Kona_Marangu
Nijazie breki na matairi. Kila tairi lina namba nne za tarehe ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nene haimaanishi kitu kama mpira umekauka, na kwenye masika tairi kavu la nyuma kwa gari kama hilo ni hatari kuliko injini mbovu. Saizi ya RS200 ni 215/45R17. Mafuta ya breki weka DOT 4, lita moja inatosha kusukuma ya zamani yote yatoke, kila miaka miwili. Yanafyonza unyevu wa hewa, na ukishuka kutoka Marangu breki zikipata moto ule unyevu unageuka mvuke na pedeli inazama. Kwanza lakini tumia gia kushuka, ya tatu au ya pili. Na pini za kalipa zisafishwe zipakwe grisi ya breki. Zikikwama, pedi ya ndani inaisha na ya nje inabaki mpya.

Kwa Arusha hadi Moshi usinunue farasi wengi, mkuu. Vibao vya 50 na tochi zimeshakubaliana.

Kijana_Njiro
Hahaha, hilo nalijua. La mwisho: hiyo imeshushwa, chini ya bampa mbele panaingia ngumi moja tu. Niiache au nirudishe?

Spana_Kumi
Rudisha, matuta ya Usa na Boma Ng'ombe hayatakuhurumia. Ila kwanza ujue ilishushwaje. Inua gari mpaka gurudumu lining'inie, shika springi kwa mkono ujaribu kuizungusha. Ikizunguka au ikicheza juu na chini, imekatwa kwa grainda, maana springi fupi haifiki tena kwenye kiti chake gurudumu likishuka. Springi ya namna hiyo inaweza kuhama mahali pake ukiruka shimo, na shokapu zake zimekuwa zikigonga mwisho muda wote, kwa hiyo nazo hesabu zimekufa. Zikiwa za kiwandani zilizotengenezwa fupi, zitakuwa zimekaza hata gari likiwa juu, na hapo ni suala la urefu tu. Mwulize dalali springi za asili ziko wapi. Akisema zilitupwa, tafuta seti iliyotumika ya SXE10 yenyewe, usikubali ya GXE10 eti zinafanana. Ukishafunga, nenda alaimenti siku hiyohiyo, kabla tairi za mbele hazijaanza kulika ndani.