Tupeane uzoefu: kununua gari dogo lenye sura ya kizamani, lililokwisha tumika

MWANZISHA UZI

Wakuu, magari madogo yaliyoundwa upya kwa sura za zamani hupendwa kwa macho kwanza, na hasara huanzia hapo hapo. Nazungumzia MINI ya kuanzia 2001, Fiat 500 ya 2007, Volkswagen New Beetle, na yale ya Nissan kina Figaro na Pao. Uzi huu ni wa mambo ya kushika kwa mkono: mwaka gani, injini ipi, kiungo gani kinakufa, kwa nini, na unakigunduaje kabla hujalipa. "Nzuri sana hiyo, chukua" haimsaidii mtu.

Naanza na jambo ambalo wanunuzi wengi hulipima kinyume. Mengi ya magari haya ni gari la kawaida lililovishwa bodi nyingine. New Beetle chini yake ni Golf ya kizazi cha nne. Fiat 500 imejengwa juu ya Panda ya 2003. Figaro ni March ya kizazi cha kwanza, ambayo kwingine iliuzwa kwa jina la Micra. Kwa hiyo breki, bushi, beringi na pampu ya maji ni spea za gari lililotengenezwa kwa wingi, utazipata. Kigumu ni kile kinacholipatia gari sura yake: taa ya mbele, ukingo wa kung'aa, kifuniko cha ringi, kitasa, kipande cha dashibodi chenye rangi ya bodi. Hivyo havikuwekwa kwenye Golf wala Panda. Mimi nasema gari lenye klachi iliyochoka na bodi iliyokamilika ni afadhali kuliko lenye injini safi lililokosa taa na mapambo yake. Karibuni.

GRISI

Mkuu, kwa New Beetle na Figaro nakubali. Kwa MINI hapana. MINI haijavaa bodi ya gari la mwingine, na injini na giaboksi ndizo zinazoamua kila kitu. Ukikosea hapo, taa nzuri hazitakuokoa.

Zile za 2001 hadi 2006 zina injini ya Tritec ya lita 1.6 iliyotengenezwa Brazil. Ni ya mnyororo wa taimingi, yaani mnyororo unaofungua na kufunga valvu kwa wakati wake, na ni ngumu. Tatizo lake liko kwenye gia. Matoleo ya One na Cooper ya gia za mkono yaliyotoka kabla ya katikati ya 2004 yalitumia giaboksi ya Rover, na beringi zake huchoka mapema. Endesha kwa gia ya tatu na ya nne, zima redio, funga vioo, sikiliza mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Kisha kanyaga klachi gari likiwa limesimama: kama kelele inakatika ukikanyaga na inarudi ukiachia, beringi ya ndani ya giaboksi inakwenda. Baada ya hapo waliweka giaboksi ya Getrag ambayo ni bora zaidi. One na Cooper za otomatiki za miaka hiyo ni CVT (giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua), na mimi humwambia kila anayeuliza aziache, hata ikitembea vizuri siku ya kuijaribu.

Cooper S ya miaka hiyo ina supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Pampu ya maji inazungushwa na supachaja yenyewe kupitia gia ndogo zilizo ndani ya kisanduku chenye oili kidogo sana. Ratiba ya sevisi haina kipengele cha kuibadilisha, hivyo wengi hawaigusi. Oili ikikauka gia zinalika, pampu ya maji inasimama, injini inachemka. Gari lililokaribia kilometa 160,000 bila kumbukumbu ya oili ya supachaja, hesabu kazi hiyo ndani ya bei.

Kwa zote za kizazi hiki, fungua boneti uangalie vichwa vya nguzo za shokapu za mbele. Bati la pale huvimba kwenda juu kama uyoga, kwa sababu springi ni ngumu na tairi za kiwandani nyingi ni zile za kutembea bila upepo, ambazo kuta zake hazinesi. Weka rula juu ya bati: likiwa bapa, rula inalala. Likivimba, vipimo vya magurudumu havikai sawa na tairi huliwa upande mmoja. Chungulia pia chini nyuma ya injini, kuna pampu ya umeme ya usukani na feni ndogo chini yake. Feni hujaa takataka za barabarani na kuganda, pampu inaungua, na usukani unakuwa mzito ghafla. Injini ikiwa imezimwa, zungusha feni kwa kidole. Iwe nyepesi.

GRISI (naendelea)

Kizazi cha 2006 hadi 2013 kina injini zilizobuniwa pamoja na Peugeot-Citroën. Hapa jina la injini ni muhimu kuliko jina lililobandikwa nyuma ya gari. Cooper S ya hadi 2010 ni N14, na baada ya hapo ikaja N18 iliyorekebishwa. Tofauti hiyo inastahili uvumilivu wa kutafuta miezi kadhaa.

N14 ina ugonjwa wa mnyororo. Tensiona yake hukaza mnyororo kwa presha ya oili. Injini hii inakula oili, mwenyewe hachungulii dipstiki (kijiti cha kupimia oili), oili inashuka, tensiona inalegea, mnyororo unapiga reli zake za plastiki mpaka zinakatika. Mnyororo ukiruka meno, pistoni inagonga valvu. Dalili husikika injini ikiwa baridi tu: sekunde tano hadi kumi za kwanza inagonga kama dizeli, halafu inatulia. Ndiyo maana ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja kwenye boneti. Kama ni ya moto, mwombe muuzaji kwa adabu urudi kesho asubuhi na asiiwashe mpaka ufike. Kisha chomoa dipstiki. Ikitoka kavu, mnyororo umeishi bila ulinzi, na maneno ya muuzaji hayabadilishi hilo.

La pili ni masizi. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna kinachoosha mgongo wa valvu za kuingiza hewa. Masizi yanajenga ukuta, injini inatetemeka ikiwa baridi na inakosa nguvu. Sabuni za kumimina kwenye tangi haziyafikii, kwa sababu petroli haipiti pale. Dawa ni kufungua manifoldi na kupuliza punje za maganda ya jozi kwa kompresa. Cooper ya kawaida isiyo na tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa eksozi), yaani N12, petroli yake hupita juu ya valvu, hivyo haina shida hii. Bado mnyororo wake usikilizwe.

BISIBISI

Fiat 500. Injini ya 1.2 ya valvu nane, nguvu farasi 69, ndiyo ya kuchukua ukitaka usingizi. Ni ya mkanda wa taimingi, na umri wa mkanda unahesabika kwa miaka pia: gari limetembea kidogo lakini mkanda una miaka minane, badilisha pamoja na pampu ya maji. TwinAir ya silinda mbili, iliyokuja 2010, ni ya mnyororo, lakini valvu zake zinaendeshwa kwa oili kupitia matundu madogo na kichujio chake. Oili ya daraja lisilo lake au iliyochelewa inaziba pale, na silinda moja inaacha kufanya kazi. Bila kumbukumbu za oili, iache.

Dualogic ni giaboksi ya mkono inayobadilishwa na pampu ya haidroliki. Ukifungua mlango wa dereva utaisikia pampu ikijaza presha, na hiyo ni sawa. Ikijirudia kila baada ya sekunde chache gari likiwa limesimama, presha inavuja au tungi la kuihifadhi limekufa.

Mlango wa nyuma: waya hupita kwenye mpira karibu na bawaba na hukatika kwa kukunjwa kila siku. Jaribu taa ya namba, waipa ya nyuma, difrosta na kufuli, kimoja kimoja, huku mtu anaupandisha na kuushusha mlango. Kama kuna kinachokatika na kurudi, ni hapo. Usikubali waya zilizosokotwa na kufungwa tepu. Ziunganishwe kwa risasi ya kulehemu, ziongezwe urefu kidogo ili zisivutwe. Vitasa vya nje navyo huvunjika. Vuta vyote.

WAYA MWEKUNDU

New Beetle kwa ufupi. Ya 1.8 yenye tabo na ya dizeli 1.9, mkanda wa taimingi ukikatika valvu zinapinda. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo, hivyo hubadilishwa kwa pamoja, kwa sababu pampu ikiganda inaung'oa hata mkanda mpya. Kioo kuangukia ndani ya mlango ni kawaida, vibanio vya plastiki vya mashine ya kioo huvunjika. Shusha na pandisha kila kioo mara tatu mfululizo. Otomatiki ya gia nne ijaribiwe ikiwa ya moto kabisa, maana ikiwa baridi inaficha migongano yake.

NATI NA BOLTI

Figaro zilitengenezwa takriban 20,000 tu, zote za mwaka 1991, zote za usukani wa kulia, zote otomatiki ya gia tatu, injini ya cc 987 yenye tabo. Ukitajiwa Figaro ya gia za mkono, imefanyiwa upasuaji. Adui hapa ni kutu. Inua zulia pande zote mbili, bonyeza sakafu kwa kidole gumba, kagua kizingiti cha mlango na upinde wa tairi la nyuma. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa itakuonyesha puti (plasta ya kuzibia mashimo ya bodi) ilipo: inashika bati, kwenye puti inateleza.

Paa la turubai, kwa Figaro, Fiat 500C au MINI ya wazi, fungua na ufunge mara tatu, kisha mwaga maji kwa bomba dakika kumi. Usiangalie paa, pitisha mkono chini ya viti na kwenye kona za zulia. Unyevu ulioshuka huko ndio unaoua moduli za umeme.

SWALI KUTOKA KWA KIPIMA UPEPO

Wakuu, na za dizeli? Naona zinasifiwa kwa kubana mafuta.

GRISI

Kwa safari ndefu, sawa. Kwa mizunguko ya mjini, hapana. Kichujio cha masizi kwenye eksozi kinajisafisha kikifikia joto la takriban nyuzi 600, na safari ya kilometa tatu haifiki huko. Injini inaongeza dizeli ili kuchoma masizi, dizeli inashuka kwenye oili. Chomoa dipstiki: oili ikiwa juu ya alama na inanuka dizeli, gari hilo limeishi mjini.

BISIBISI

Mashine ya kusoma kodi za hitilafu (namba za makosa zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari) msiisahau, ila msiishie kwenye kodi hizo. Muuzaji anaweza kuzifuta nusu saa kabla hujafika. Tafuta ukurasa unaoonyesha kama majaribio ya ndani ya injini yamekamilika. Yakiwa mengi hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa au betri imechomolewa karibuni. Endesha, usome tena. Tairi nazo zina tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi nne za miaka tofauti na chapa tofauti zinaeleza jinsi gari lilivyotunzwa.

MWANZISHA UZI

Grisi, kwa MINI nimekubali, injini kwanza. Kwa mengine naongeza hatua moja. Kabla ya kukubaliana bei, zunguka gari na simu, piga picha kila kipande kilichopasuka au kisichokuwepo: ukingo wa taa, nembo, kifuniko cha tangi, mpira wa dirisha. Tafuta namba ya kila spea kwa namba ya chesi, uliza kama bado inatengenezwa na inachukua siku ngapi kufika. Taa zenye ukungu kwa ndani zihesabiwe kuwa zimekufa, kwa sababu gundi imeachia na kioo chake cha kuakisi kimeanza kubanduka.